Juzuu Iliyovimba

Katika chumba cha nyuma cha maktaba, chenye dirisha moja na harufu ya gundi isiyoisha, alifanya kazi mtu ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahauliwa na wote isipokuwa mkewe, naye alilitumia pale tu alipokasirika. Watu walimwita Nyoosha. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na hakuweza kuona kitu kilichojikunja akakipita. Kona ya ukurasa, kola ya shati, shuka la jirani lililoanikwa vibaya, vyote alivinyoosha. Mkewe alisema siku ya harusi yao bwana huyu alinyoosha shela kwanza, ndipo akakumbuka kutazama uso.

Fahari yake ilikuwa jiliwa, mashine nzito ya chuma ya kubania vitabu, yenye skrubu nene na mpini mrefu wa kuzungushia. Kitabu kilichoingia humo kimevimba kwa maji ya mvua kilitoka kimekonda na kutulia. "Hakuna kitabu kibaya," alipenda kusema. "Kuna kitabu ambacho hakijabanwa." Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpinga, aliamini kwamba ni kweli.

Dada yake mkubwa aliishi kwake, katika chumba cha uani. Zamani huyu dada alikuwa mpiga chapa wa ofisi kubwa, na vidole vyake vilisifika kwa kasi. Kisha ugonjwa wa sukari ukayaingia macho. Ulianza na ukungu, ukungu ukawa kivuli, na mwisho hata kivuli kikaaga. Mwenzangu na mimi tungekaa chini tukalia. Yeye alilia, tena sana, halafu akajifuta, akaenda kwenye kituo cha wasioona akajiandikisha darasa la breli, maandishi ya kusomwa kwa vidole, pamoja na utu uzima wake. Kila alasiri Nyoosha alisikia kutoka uani, tok, tok, tok, sindano yenye kishikio cha mbao ikidunga karatasi nene juu ya kibao cha chuma.

"Dada, unajitesa bure," Nyoosha alimwambia. "Wewe kaa, usomewe. Mimi nipo, wifi yako yupo."

"Kusomewa ni kama kulishwa, mdogo wangu. Mimi mikono ninayo."

Kilichomsukuma hasa kilikuwa kitabu kimoja. Katika usichana wake aliazima kwenye maktaba hiihii riwaya ndefu ya bibi harusi ambaye mchumba wake, fundi saa, alitoweka asubuhi ya ndoa. Aliisoma akisahau kula. Bibi harusi alipokuwa ameketi peke yake na shela lake mapajani, kitabu kikasema: "Mara hodi ikabishwa." Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka, na kitabu chenyewe kilikuwa hakichapwi tena. Miaka ilipita, Nyoosha akaajiriwa, na nakala ileile ikaletwa mezani kwake. Akaijalidi vizuri, imara, bila mwisho.

"Mgeni wa watu amesimama mlangoni miaka yote hii," dada alimtania kila mara, "na wewe ukampigilia jalada usoni."

Basi akaja mkutubi mkuu mpya, mwanamke wa maneno ya haraka na viatu vya kutembelea. Siku yake ya kwanza hakuingia hata ofisini. Alisimama chini ya ngazi za mlangoni akamuuliza mlinzi, "Mtu wa kiti cha magurudumu anaingilia wapi?"

"Huwa tunambeba, mama," mlinzi akajibu kwa kujivunia.

"Na asipotaka kubebwa?"

Mlinzi akageuka kuzitazama ngazi. Miezi michache baadaye ubavuni mwa ngazi palikuwa na njia ya mteremko yenye mikono ya kushikia. Milango ikapanuliwa, makabati yakasogezwa ili kiti kipite na kugeuka, meza moja ikashushwa, na choo kikatengenezwa upya. Mwishowe mkutubi akapata habari ya shule moja iliyokuwa ikihamisha ghala lake la vitabu vya breli. Aliviomba, navyo vikaletwa kwa lori, vikiwa ndani ya maboksi yaliyonyeshewa.

Nyoosha ndiye aliyefungua maboksi. Katika boksi la tatu alisoma kikaratasi cha wino kilichobandikwa juu ya jalada, akakaa juu ya kopo la gundi. Ilikuwa riwaya ya bibi harusi, juzuu zote, mwanzo mpaka mwisho.

Alimkimbilia mkutubi. "Mama, nakuomba jambo moja. Usimwambie mtu. Siku ya ufunguzi nataka dada yangu aketi pale mbele, akishike bila kutarajia."

Mkutubi alikuwa na rangi ya ukutani kwenye nyusi na mafundi wawili wakimgombania. "Vizuri sana, Nyoosha. Nakuachia wewe mambo ya vitabu."

Sasa hali ya vitabu hivyo. Vilikuwa vikubwa, vimevimba, kurasa zimejikunja kama majani makavu. Nyoosha alivitazama akasikia uchungu wa kweli. Dada yake angepewa takataka hii mbele za watu? Maandishi yenyewe hayakumtia wasiwasi. Alikuwa amesikia sindano ile kila alasiri, na kwa akili yake breli ilikuwa ni matundu. Tundu ni tundu, alijiambia, huwezi kulinyoosha likatoka. Vile vikwaruzo alivyovipapasa juu ya karatasi alivihesabu kuwa ni kingo za matundu, uchafu wa sindano. Bwana huyu alikuwa ameishi nyumba moja na maandishi yale, na hata siku moja hakuyagusa.

Basi akaanza na riwaya ya dada, na alifanya kazi kwa upendo, hilo lazima lisemwe. Alilainisha kila ukurasa kwa kitambaa chenye unyevu, akapanga, akaingiza kwenye jiliwa, akauzungusha mpini mpaka skrubu ikalalamika. Akaviacha humo mpaka vikauke, akashona upya, akavivika majalada ya kitambaa cha buluu. Kila juzuu ilitoka nusu ya unene wake. Mtu mwingine angejiuliza ule unene umekwenda wapi. Nyoosha alifurahi.

Ni juzuu ya mwisho tu iliyomshinda. Siku ya ufunguzi ilimkuta bado hajaibana, imetuna, jalada lake limechanika, mbaya kuliko zote. Aliona aibu nayo. Akaisukuma chini ya meza, nyuma ya makopo.

Siku hiyo maktaba ilijaa. Mwanamume mmoja wa kiti cha magurudumu alipanda mteremko, akashuka, akapanda tena, na mlinzi alipomuuliza kama amesahau kitu alijibu, "Nilisahau raha yake." Dada aliletwa mpaka kwenye meza ya mbele, amevaa gauni lake la kwendea harusini. Nyoosha akamwinamia sikioni.

"Dada, ni kile cha bibi harusi. Kizima. Na mwisho wake upo."

Dada akavuta kiti karibu. Akakunja mikono ya gauni, akaweka vidole juu ya ukurasa wa kwanza. Vilikwenda kulia, vikarudi, vikaenda tena. Akafungua ukurasa wa pili. Akajifuta vidole kwenye gauni, akajaribu tena, safari hii akibonyeza kwa nguvu. Kisha akatabasamu, akafunga kitabu taratibu.

"Kizuri sana," akasema. "Nitakisoma kwa nafasi yangu."

Watu wakapiga makofi. Machozi yalikuwa yakimtoka dada, na Nyoosha akajua ni ya furaha, kwa sababu ndivyo alivyokuwa ameyapanga.

Tangu siku hiyo uani pakawa kimya. Dada alimpa wifi yake kibao na sindano aviweke stoo. Chakula alikigusa tu. Nyoosha alivumilia, akavumilia, na siku moja baada ya chakula cha mchana hasira ikampanda. Alikwenda akasimama mlangoni pa chumba cha uani.

"Dada, watu wamehangaika. Mteremko umejengwa, makabati yamesogezwa, mimi mgongo umekatika kwa kujalidi. Wewe hata ukurasa mmoja?"

Dada alikuwa ameketi kitandani, viganja vyake vimelala mapajani, vinatazama juu.

"Vidole vimekufa," akasema. "Daktari alinionya kwamba ugonjwa huu hula na hisia. Ulikula macho, sasa umehamia hapa. Nilikigusa kitabu chako nikakuta karatasi tupu. Kuna kitu kwa mbali, kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Sikutaka kukuaibisha mbele za watu."

"Na zile karatasi zako za mazoezi? Zile si unazisoma?"

"Zile nazijua kwa moyo. Hata kwa kiwiko ningezisoma." Akavuta pumzi. "Wape wenye vidole hizo juzuu. Mimi nimechoka kushindana. Ulivyokuwa ukiniambia ni kweli. Sasa nitakaa, nisomewe."

Nyoosha alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi kwa nia njema, na sasa liliporudishwa kwake aliona lilivyo zito. Alitoka uani bila kuaga.

Kesho yake alikwenda kazini kwa kuwa miguu ilijua njia. Hakuwa na moyo wa kushona wala kukata. Akakumbuka ile juzuu iliyovimba, akaitoa chini ya meza, angalau mikono ipate shughuli. Akalowesha kitambaa, akafungua ukurasa, na kabla ya kuupangusa akapitisha kiganja kuondoa vumbi. Ulikwaruza. Akapitisha tena, polepole. Halafu, bila kujua kwa nini, akaenda kabatini akaleta juzuu ya kwanza, ile nzuri, akapitisha kiganja. Ulikuwa laini kama shavu lililonyolewa.

Akazipeleka zote mbili dirishani, akaziinamisha kwenye mwanga. Ile mbaya ilijaa vivuli vidogovidogo, safu kwa safu, kila kimoja nyuma ya kinundu chake. Ile nzuri ilikuwa nyeupe tupu. Alitafuta tundu hata moja katika zote mbili, asilione; kumbe sindano haikuwa ikitoboa karatasi, ilikuwa ikiinua vinundu upande wa pili.

Nyoosha akaketi sakafuni. Hakuna ugonjwa uliokula vidole. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu mlaji alikuwa na mpini mrefu wa kuzungushia.

Mkutubi alipoitwa, alishika ukurasa huu, akashika ule, na kwa mara ya kwanza tangu afike hapo akazungumza polepole. "Nimevipokea," akasema hatimaye. "Nimevipangia kabati. Nimevipigisha picha. Sikuvigusa. Tumewatengenezea wasomaji wa vidole kitabu cha kutazamwa na macho."

"Ni mimi, mama. Wewe hukushika jiliwa."

"Na mimi ndiye niliyekuachia peke yako. Kuna watu kule kituo cha wasioona wangetuambia kwa dakika moja, tena wakicheka. Nenda nyumbani."

Njiani shetani alimpa ushauri, na ulikuwa mtamu. Nani atajua? Angeweza kusema amepata vitabu vingine, jina lake la ufundi libaki safi, na dada apone kama kwa muujiza. Lakini mficha uchi hazai, na Nyoosha alijua kwamba dada yake angesikia uongo katika sauti yake kabla hajaumaliza. Akaingia uani na juzuu ile mbaya kwapani.

"Dada, soma mstari mmoja."

"Usinitese."

"Mmoja tu."

"Hiyo ni juzuu gani?"

"Ya mwisho."

"Ya mwisho?" Sauti ya dada ikapanda kidogo, ya kwanza kupanda tangu ile siku. "Tangu lini mtu akaanzia mwisho? Hata vidole vingekuwa vizima nisingesoma mwisho kabla ya mwanzo."

"Dada yangu, nakuomba. Nitakupigia magoti ukitaka."

Dada akanyoosha mkono, kwa uchovu, ili ayamalize. Nyoosha akafungua popote palipofunguka, akamwekea kitabu chini ya vidole. Vidole vikasimama. Vikarudi nyuma, vikaanza kwenda. Midomo ikavifuata.

"'Ka-ri-bu ndani, she-me-ji,'" akasoma. "'Karibu ndani, shemeji. Mbona umesimama... umesimama mlangoni kama mgeni?'" Akarudisha vidole kwenye neno moja. "Shemeji? Ni shemeji aliyebisha hodi?"

Alisoma tena mstari uleule, kisha uliofuata, kwa kasi zaidi. Halafu akaviinua vidole akavigusisha midomoni mwake, kimoja kimoja, kama mtu anayekagua watoto waliorudi nyumbani. Alilia bila kuficha uso. "Vipo," akasema. "Vidole vyangu vipo."

Nyoosha akapiga magoti kweli. Akamweleza yote, unyevu, jiliwa, skrubu iliyolalamika, matundu ambayo hayakuwa matundu, juzuu aliyoificha kwa kuwa ni mbaya. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kiganja juu ya kitabu.

"Kwa hiyo mimi nimevilia vidole vyangu matanga," akasema dada, "kumbe ni wewe umepiga pasi kitabu."

"Ndiyo, dada."

"Na haikukupitia akilini kuniuliza."

"Nilitaka ushtuke kwa furaha."

"Nilishtuka." Akajifuta pua. "Mnanipikia karamu chumba cha pili, mnanificha hata harufu, halafu mnanipakulia sahani tupu na kunipigia makofi. Siku nyingine niiteni jikoni." Kisha uso wake ukabadilika, kama mtu aliyekumbuka kitu alichoibiwa. "Na sasa umeshanitajia mgeni. Miaka yote nimemngoja, umemtaja kwa mstari mmoja. Nyoosha, umeniharibia kitabu kimoja mara mbili."

Akaanza kucheka. Nyoosha hakucheka mpaka alipopigwa kofi la begani, ndipo akajua ameruhusiwa.

Siku iliyofuata dada alikwenda maktaba mwenyewe, fimbo nyeupe mkononi, kibao na sindano kwenye mkoba. Alimwita mkutubi, akamwita mlinzi, akampangia kila mtu kazi kama enzi za ofisini. Nakala ya wino si ipo? Ilikwisha penye hodi, lakini juzuu zilizopigwa pasi zilikuwa ni zile za kabla ya hapo. Basi mtu asome kwa sauti, yeye adunge upya.

Kulikuwa na kibao kikubwa ukutani, KIMYA. Mkutubi alikitazama, akakitungua, akaenda kukitundika kwenye chumba kidogo cha ndani kwa wanaokihitaji. Ukumbi wa mbele ukabaki na sauti. Mlinzi ndiye aliyeanza kusoma, kwa sauti ileile ya kuitia watu getini, mpaka akaombwa ahurumie madirisha. Alikuwa amevilinda vitabu nusu ya umri wake na hiki kilikuwa cha kwanza kukifungua. Mwanamume wa mteremko naye akaja. Yeye aliomba sehemu za mama mkwe na alizisoma kwa sauti nyembamba iliyowafanya watoto waache masomo yao. Kidole kimoja hakivunji chawa, wakaja pia wenzake dada kutoka kituoni na sindano zao, ukumbi ukawa tok, tok, tok mchana kutwa. Walikuja kusaidia, na walipomaliza walibaki kusoma.

Na Nyoosha alijifunza upya kazi aliyodhani ameimaliza. Vijana wa kituoni walimwekea ukurasa mkononi, wakamfunga macho kwa kitambaa chake mwenyewe cha gundi, wakamwambia apapase. Alijifunza kutia vipande vya karatasi nene mgongoni mwa kitabu ili kurasa zisilaliane, na kupanga juzuu zikiwa zimesimama, zina nafasi ya kupumua. Vitabu vyake vikatoka vinene, vimetuna, vya kuchekesha. Mwanzoni aliviona aibu. Baadaye alikuwa akimkemea yeyote anayeviegemea.

Wakafika penye hodi. Mlinzi alisoma mstari huo, akafungua ukurasa uliofuata, akakutana na jalada. Akakigeuza kitabu, akachungulia mgongoni mwake.

"Nani?" akauliza. "Nani amebisha?"

Dada aliweka sindano chini. Alikuwa amemjua mgeni muda wote na hakumtaja, wala hakusoma mstari mwingine zaidi ya ile aliyosoma uani, kwa kuwa mambo yana utaratibu wake.

"Nileteeni juzuu ya mwisho," akasema.

Watu wakavuta viti. Mwanamume wa mteremko akasogeza magurudumu yake mpaka yakagusa meza, mkutubi akaacha simu ikilia ofisini, na mlinzi akafunga geti mchana kweupe, jambo ambalo baadaye alilikana. Nyoosha aliileta juzuu iliyovimba, akaiweka mbele ya dada yake. Kona ya ukurasa wa kwanza ilikuwa imejikunja. Mkono wake ukaenda wenyewe, ukafika karibu, ukarudi.

"Unataka kunyoosha nini hapo?" dada akauliza.

"Hapana, dada. Sinyooshi kitu."

Dada akamshika kidole cha shahada, akakiweka juu ya mstari wa kwanza. "Soma."

Nyoosha alipapasa. Vinundu vilipita chini ya kidole chake, vingi, hai, na yeye hakuelewa hata kimoja. Alivitazama kwa macho yake mazima mawili. Ukumbi wote ulikuwa unangoja.

"Siwezi, dada," akasema. "Sioni kitu."

"Basi kaa," dada akamwambia kwa upole, "usomewe."